Nani Alipaswa Kubonyeza

Nilipewa TEHAMA kwa sababu ya waya. Siku ya mahafali projekta iligoma kuwaka. Mkuu wa Shule alikuwa anatokwa jasho mbele ya wageni, basi nikachomoa waya mmoja, nikaupuliza, nikauchomeka tena. Ikawaka. Wazazi wakapiga makofi. Jumatatu yake nikakuta barua mezani kwangu: pamoja na majukumu yako ya kufundisha Jiografia, unateuliwa kuwa mwalimu wa TEHAMA kuanzia tarehe ya barua hii.

Ukweli ni kwamba kuhusu kompyuta nilijua kupuliza waya, basi. Nilikuwa na laptop niliyoachiwa na binamu yangu wa Dar, ambayo betri yake ilikuwa imekufa zamani, nami nilikuwa nikiibeba kwenda nayo shuleni kwa sababu inapendeza begani. Ningeweza kwenda kwa Mkuu nikamwambia sijui. Lakini katika ofisi yetu ya walimu neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa na mtu mzima. Mwanafunzi ndiye asiyejua. Mwalimu kusema hajui ilikuwa sawa na kuja kazini pekupeku. Nikaandika barua ya kukubali uteuzi, nikaipitisha kunakohusika.

Kupitisha kunakohusika ndiyo ilikuwa dini yetu. Shule yetu iko Mgeta, juu kabisa, ambako karoti zimepandwa mpaka ukingoni mwa uwanja wa mpira na ukipiga shuti ovyo unakwenda kuomba radhi kwenye kabichi za mtu. Barua ya kwenda wilayani huteremka mlima mzima. Lakini hata barua ya kuomba boksi la chaki kutoka stoo iliyo hatua kumi kutoka mezani kwako ilikuwa lazima iandikwe "K.K.", yaani kupitia kwa, kisha mkuu wa idara, kisha mwalimu wa taaluma, kisha makamu, kisha Mkuu. Chaki ikifika, mada imeisha.

Vishikwambi vilipoletwa, Mkuu alivipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa mali ya serikali kuliko nilivyowahi kuona mtu akiogopa simba. Alivifungia kwenye kabati la chuma, kila kimoja kimevikwa kitambaa cha kufuma alichokifuma mkewe, na akatangaza kwamba atakayetaka kukitumia aandike barua. K.K., bila shaka. Vikakaa humo muhula mzima, vikiwa visafi na vimelala.

Kisha likaja agizo: alama za maendeleo za kidato cha nne hazitapelekwa tena kwa karatasi. Zitaingizwa kwenye mfumo, na mwalimu wa taaluma ndiye atakayeziingiza, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Tulikuwa na wiki tatu. Mkuu akaniagiza niendeshe semina.

Niliandaa semina ile kwa kusoma usiku na mchana kurasa za maelekezo ambazo sikuzielewa, nikawasomea wenzangu vilevile zilivyokuwa. Walimu walikaa kwa ukubwa wa vyeo, wakongwe mbele, vijana nyuma. Kulikuwa na karatasi ya mahudhurio, soda na maandazi. Nikauliza mara nne kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Wote wakasema wameelewa, na mwalimu wa Hisabati akatoa neno la shukrani akisema mada ilikuwa nzuri na imekuja kwa wakati. Nilirudi nyumbani nimechukia. Semina isiyo na swali ni kama msiba usio na mliaji. Ujue kuna kitu hakiko sawa.

Kuanzia kesho yake wakaanza kuja nyumbani kwangu, mmoja mmoja, tena kwa mlango wa uani. Mwalimu wa Hisabati alikuwa wa kwanza. Akasema yeye ameelewa vizuri sana, ila kuna mwenzake hakuelewa namna ya kukiwasha, sasa nimweleze yeye ili akamweleze mwenzake. Siku iliyofuata akaja huyo mwenzake, naye akanieleza habari za mwalimu wa Hisabati. Nami, Mungu anisamehe, niliwaambia wote warudi kesho, kisha nikajifungia ndani na kishikwambi nilichoazimwa kwa ajili ya semina, nikabonyeza huku na huko mpaka nikajua jibu. Tulikuwa ofisi nzima ya watu wanaodanganyana kwa adabu.

Mtu mmoja tu hakuja, naye ndiye aliyetakiwa kuliko wote. Mwalimu wa taaluma.

Mama huyu alinifundisha mimi mwenyewe Kiswahili nikiwa kidato cha pili, shuleni hapo hapo. Alikuwa mwembamba, mnyoofu kama rula, na tangu enzi hizo alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu ambamo aliandika alama kwa kalamu mbili, ya bluu kwa waliofaulu na nyekundu kwa sisi wengine. Alikuwa amekalia kiti cha taaluma kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya walimu. Alibakiza miezi saba kustaafu. Na Mkuu alikuwa ameniita pembeni akaniambia kwamba alama zisipoingia Ijumaa ile, itabidi aandike wilayani ili taaluma nikabidhiwe mimi.

Mama akalisikia. Kwenye shule yetu ukuta ulikuwa mwembamba. Aliniita mezani kwake, nikasimama mikono nyuma, mwanamke mzima mwenye watoto wawili.

"Nasikia unakitaka kiti changu," akasema.

Nikasema sikitaki. Nilikuwa nasema kweli, na macho yalikuwa yamenijaa machozi.

"Mimi nitaondoka, hilo halina mjadala. Lakini sitatolewa kwenye kiti hiki. Nitainuka mwenyewe."

Nilitamani kumsaidia kuliko nilivyowahi kutamani jambo lolote kazini. Nikaandika barua ya kumtolea kishikwambi chake, nikaketi naye. Ikawa balaa. Nikimwambia aguse hapa, ananiuliza kwa nini ninasema "hapa" bila kubainisha mahali. Nikikosea sentensi ananisahihisha. Nikiinama kuonyesha, ananiambia nikae wima, nitapata kibyongo. Baada ya saa nzima alikuwa hajaingiza jina hata moja, ila mimi nilikuwa nimerudia somo la vivumishi. Wala sikuweza kumwambia kwamba anakosea. Kidole chake alikuwa anakikandamiza kwenye kioo kama anayepiga muhuri, kishikwambi kinatetemeka, nami nasema, "Vizuri sana, Mwalimu."

Siku ya tatu mpishi wa shule alituletea chai ya saa nne, akasimama kutazama.

Mpishi huyu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Mgeta ujanani akitafuta kazi, akaoa, akabaki. Asubuhi alipika uji na mchana ugali, na katikati alilima karoti na kupeleka kwenye malori ya Dar. Simu yake ilikuwa na kioo chenye nyufa, lakini alikuwa kwenye makundi manne ya WhatsApp, la karoti, la kabichi, la njegere, na moja la madalali ambamo walikuwa wakitukanana tu. Nimemwona kwa macho yangu akisonga ugali kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unapiga picha gunia, unaituma, na unakataa bei. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba huo ni ujuzi. Yeye alikuwa mpishi, sisi tulikuwa na shahada.

Ila alikuwa na kitu kingine nisichokuwa nacho. Mama alikuwa Mluguru, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani ana ruhusa ambayo hata Waziri hana. Akamtazama mama, akatazama kile kidole, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia.

"Mtani, mbona unakibinya hivyo? Unadhani ni chawa? Ndiyo maana ninyi Waluguru mguu mmoja mfupi, kila kitu mnafanya kwa nguvu za kupandia mlima."

Nilifumba macho. Mimi ningesema robo ya hayo ningehamishiwa Dakawa siku hiyo hiyo, nikafundishe Jiografia kati ya mbu na mpunga. Mama akageuka taratibu.

"Nenda kachochee kuni, mpagazi wewe. Babu yako alibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani, wewe sinia tu linakushinda."

Na akacheka. Tangu kidato cha pili sikuwa nimeyaona meno ya mama yule yote kwa pamoja. Mpishi akamwambia anaweka naye dau: yeye anabandika maharage sasa hivi, na kama mtani ataingiza majina kumi kabla hayajaiva, basi atakiri mbele ya shule nzima kwamba Mluguru ana akili. Mama akasimama, akakifunga kishikwambi ndani ya kanga yake, akamfuata jikoni. Mali ya serikali, jikoni. Nikatazama mlango wa Mkuu, nikamwomba Mungu usifunguke.

Siku zile zote masomo yakawa jikoni. Mama alikaa kwenye kigoda, moshi unamtoa machozi, daftari kubwa magotini na kishikwambi juu ya gunia la unga. Mpishi alikuwa akizunguka sufuria na kumtusi. Akikosea, anaambiwa waziwazi amekosea, tena kwa kuongezewa ukoo wake wote. Naye anamrudishia, kisha anarekebisha. Hakuna aliyeaibika, kwa sababu mtani hakuaibishi. Ndiyo kazi yake. Mimi nilijifanya nimefuata chai. Nilijifunza hapo mambo ambayo semina yangu haikuwa nayo, hasa kwamba kosa likishachekwa halirudi tena. Lile dau walilirudia kwa sufuria ya siku ya pili, mpishi akashindwa, akakiri mbele ya shule nzima, halafu akaongeza kwamba akili ya Mluguru ni ya kuazima.

Alhamisi mchana majina yote ya kidato cha nne yalikuwa yameingia, kila alama mahali pake. Mama alinikabidhi kishikwambi kikinuka moshi. Mkuu alikuwa anateremka mjini Morogoro kwa kikao cha siku mbili, akaondoka na furaha. Nikalala usingizi mnono.

Ijumaa waliokwenda kuswali walirudi, tukala, tukatulia. Saa tisa na nusu Mkuu akapiga simu. Wilayani wanasema shule yetu haionekani. Shule nzima, haionekani.

Nikachukua kishikwambi, nikakimbia hadi kwenye jiwe. Mtandao kwetu unapatikana juu ya jiwe kubwa nyuma ya shule, kwenye shamba la karoti. Chini ya hapo ni bahati nasibu. Mama alinifuata na mwavuli wake, maana wingu lilikuwa linashuka. Walimu wengine nao wakaja, kwa huruma na kwa umbea. Nikafungua mfumo. Alama zote zilikuwepo. Na chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na kitufe cha kijani kimeandikwa "Wasilisha", hakijaguswa.

"Mwalimu," nikasema, "hukubonyeza hapa?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hakuendesha gari la Mkuu. Akaniambia yeye huandaa. Kuwasilisha ni kazi ya Mkuu wa Shule. Miaka yote ile hajawahi kuwasilisha kitu bila kupitia kwa Mkuu, na hataanza leo, juu ya jiwe.

Nikampigia Mkuu. Akasema yeye alijua wataalamu tumeshabonyeza. Yeye angebonyezaje jambo la kitaalamu? Nikamuuliza basi tubonyeze sasa? Akasema tufanye kwa mujibu wa taratibu, na mtandao ukakatika. Mpaka leo sijui kama ulikatika wenyewe.

Dakika ishirini zilikuwa zimebaki. Mwalimu wa Hisabati akashauri kwanza tuandike muhtasari wa kikao, ili ijulikane tulikubaliana. Mwingine akashauri tubonyeze wote kwa pamoja, kila mtu kidole kimoja, lakini ikaonekana vidole havitaenea. Makamu, aliyekuwa amefika wakati huo, akauliza tarehe ya barua ya agizo, kisha akakumbuka ana kipindi. Ijumaa saa kumi kasorobo hakuna kipindi popote Tanzania. Hasira zikanipanda mpaka masikioni, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba na mimi sikubonyeza. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka. Niliwaza: kama alama zote zikifutika, waya gani nitapuliza?

Mpishi akapita na gunia la karoti begani akienda kwenye lori. Akauliza msiba wa nani. Tukamweleza. Akalitua gunia, akatutazama watu kumi na mmoja wenye vyeti.

"Ningekuwa mimi ndio ninyi, karoti zingeozea shambani zikisubiri saini," akasema. "Mtani, umeziingiza mwenyewe. Sasa unangoja nani?"

Mama hakumrudishia utani. Alifunga mwavuli wake, akageuka kwangu, na kwa sauti ile ile ya kidato cha pili, mbele ya wote, akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu wa TEHAMA. Kikibonyezwa, kitatokea nini?"

Nilikuwa na majibu tayari. Nilikuwa na maneno kama seva na data, niliyoyakariri. Nikafungua mdomo. Nikamwona jinsi alivyosimama, mnyoofu, viatu vyake vimejaa matope ya shamba, miezi saba kabla ya mwisho, akinitegemea mimi nimwambie kweli.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Sijawahi kujua. Nilipuliza waya tu."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani ya karoti. Mwalimu wa Hisabati alitazama chini, na mimi nikangoja kalamu nyekundu.

"Ahaa," mama akasema. "Basi tuko wawili." Akanyoosha kidole, si kile cha muhuri, bali kile chepesi alichofundishwa jikoni, akabonyeza.

Kiduara kikazunguka. Kilizunguka muda mrefu, na katika muda huo mwalimu wa Hisabati, bila kuulizwa na mtu, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye hajui. Kisha mwalimu wa Kemia naye. Ilikuwa kama mlango wa ghala umefunguliwa. Wakasema wote, na mmoja akaongeza kwamba siku aliyoazimwa kishikwambi alichokiwasha ni tochi tu. Tulikuwa bado tunasema pale maandishi ya kijani yalipotokea: zimepokelewa.

Mpishi akapiga kigelegele cha kike. Halafu, kama watani wafanyavyo, akaupora mwavuli wa mama, akasema hiyo ndiyo ada yake na hatautoa mpaka ukombolewe. Mvua ikaanza pale pale. Mama akateremka nayo mpaka kwake, kichwa wazi, akikataa kanga ya kila mtu.

Jumatatu Mkuu alirudi akatupongeza kwa kufuata taratibu, na akaunda kamati ya kubonyeza. Kamati hiyo haikuwahi kukutana, maana walimu walikuwa wameanza kubonyeza. Walianza pia kuja kwangu kwa mlango wa mbele, na wakiniuliza nisichokijua tunakwenda wote jikoni. Kabati la chuma likabaki na vitambaa vya kufuma tu. Mke wa Mkuu, aliyevifuma, anavidai hadi leo.

Mama alimaliza miezi yake saba kitini. Siku ya mwisho alifunga daftari, akaweka kalamu zote mbili juu yake, akainuka. Hakuna aliyemshika mkono, alikuwa ameshatukataza.

Wiki iliyofuata nikapata ujumbe wa kwanza wa WhatsApp kutoka kwake. Nilikuwa juu ya jiwe, pamoja na mpishi, yeye akigombana na madalali. Nikamsomea. Alikuwa ameuandika kama alivyoandika kila kitu maishani mwake, wenye anwani mbili, tarehe, na kumbukumbu namba:

"K.K. Mpishi wa Shule.
Mpendwa Mwalimu,
YAH: KUSHUKURU
Somo hapo juu lahusika. Siku ile kwenye jiwe ungenijibu kwa maneno makubwa nisingebonyeza, na ningetolewa kitini. Nilikufundisha Kiswahili na sikuwahi kukufundisha kusema hujui, kwa sababu nami sikufundishwa. Umejifunza mwenyewe. Nimekuandikia kwa bluu.
Nakala: Mpagazi. Mwavuli baki nao, huku mvua hainyeshi."

Mpishi akaniomba nirudie pale penye bluu. Nikashindwa, akaichukua simu akasoma mwenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua, na kwa mama ni ng'ambo ya kilima tu. Tuliiona mvua ikinyesha huko tangu asubuhi.